Nyumba ya Saba

9 Januari

Mke wangu wa kwanza na wa pekee,

Shikamoo. Ipokee hivyo hivyo ilivyo, maana mpaka ikufikie itakuwa imepita mikononi mwa watu wengi wa posta wasiojua heshima yako. Nisalimie shangazi na mumewe, na watoto wao, hasa yule mdogo anayekula chaki. Mwambie chaki za huku ni ghali, simletei.

Mimi ni mzima. Chumba changu kipo ghorofa ya nne. Kina kitanda, meza, kiti kimoja na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kiti ni kimoja kwa sababu mwenye nyumba alinipa kimoja, na mpaka leo sijaona sababu ya kuomba cha pili.

Najua umeninunia kwa kuwa siku hizi sipigi simu. Lakini Bibi, mara ya mwisho ulisikiliza kidogo, ukasema, "Sauti yako imejaa mchanga," ukampa shangazi aongee badala yako. Nilikaa nikasikitika. Mtu aliyeketi kwenye ubao wa simu mpaka akastaafu, aliyewaunganisha watu wa mji mzima mpaka wakamwita Bi Simu, leo simu hiyo hiyo inamnyima sauti ya mjukuu wake. Meseji nazo unasema ni maneno yaliyotoka nje bila nguo. Basi tuandikiane kama wachumba wa zamani.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Wiki hii au ijayo atakuja fundi umeme wa hapo mtaani na kisanduku cheupe, kidogo kama mche wa sabuni. Atakifunga kando ya mita. Kisanduku hicho hakisikii wala hakioni. Kinapima tu umeme unaotumika humo ndani na kunitumia huku. Nimefunga vya namna hiyo katika nyumba nyingi, miji mbalimbali, na familia moja imejitoa dakika za mwisho. Nikakuweka wewe bila kukuuliza, kwa kuwa mume ana haki zake. Kwenye karatasi zangu huna jina. Wewe ni Nyumba ya Saba.

Kazi hii nitaiwasilisha mwezi wa tisa kwenye kongamano la chuo kikuu, kongamano la utafiti wa nishati linalokusanya watu wa kila fani. Likienda vizuri, masomo yangu yamekwisha. Na yakiisha narudi nyumbani, kama nilivyokuahidi siku ile ulipokataa kunisindikiza ukisema una kazi ya kufua.

Mumeo,
Mhandisi

2 Februari

Mume wangu mtoro,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu, lakini maneno yote yalikuwapo.

Fundi wako alikuja. Alipiga hodi mpaka akachoka, akazunguka nyuma, akanikuta naanika nguo, tukashtuana wote wawili. Amefunga hicho kisanduku. Kina kitaa cha kijani kinachopepesa kama mtu mwenye mchanga jichoni. Nimekiuliza habari za asubuhi, hakikujibu. Kimerithi tabia za mwenye nacho.

Huku hatujambo. Mume wa shangazi yako amepata uhamisho wa kikazi, basi wako mbioni, mara huku mara kule wanatafuta nyumba. Mla chaki ameanza shule na ameshamuuma mwalimu. Paa la upande wa jikoni limezibwa. Jirani yetu mshona nguo ameoa tena, na yule mke wa kwanza ndiye aliyemshonea bibi harusi gauni. Nimemuuliza kwa nini, akasema hakutaka lishonwe vibaya. Dunia ina watu.

Mimi afya ninayo. Masikio ndiyo yamestaafu nyuma yangu, basi nayaacha yapumzike. Nafanya kazi zangu, napumzika, napika, nakula. Usinifikirie.

Hiyo kazi yako nimejaribu kumwelezea mshona nguo nikashindwa. Nimemwambia mjukuu wangu anapima umeme wa watu, akasema hata shirika la umeme linapima. Kwa hiyo niambie kwa lugha ya mtu aliyesoma mpaka darasa la nane: hao maprofesa wanapenda kuona nini? Nyumba inayotumia umeme mwingi au kidogo? Nauliza ili nijue nimesimama upande gani. Sikuwahi kukaa kwenye mchezo bila kujua goli liko wapi.

Na kula, wewe. Sauti ya mtu mwenye njaa naijua hata kwenye mwandiko.

Mkeo,
Bi Simu

1 Machi

Mke wangu,

Shikamoo tena, na pole kwa kuchelewa. Nimemcheka mla chaki mpaka mtu wa ofisi ya jirani akachungulia kuona kuna nini. Hongera kwa paa. Nimefurahi kusikia nyumba imejaa pilikapilika.

Jibu la swali lako ni fupi: kidogo. Kidogo ndicho kinachopendwa. Dunia nzima inatafuta namna watu wataishi vizuri kwa umeme kidogo, na nyumba itakayoonyesha njia ndiyo itakayoning'arisha mbele ya watu. Lakini usihangaike, wewe ishi kama unavyoishi.

Ngoja nikueleze hilo kongamano, maana lina desturi yake. Kwenye makongamano mengine mtu anasimama, anajisifu, anapigiwa makofi, anaketi. Hili letu halimruhusu. Grafu yako inawekwa ukutani bila neno hata moja, na wewe unakatazwa kufungua mdomo. Wanaanza kuisoma wengine: mhandisi, mchumi, msanifu wa majengo, daktari, mtu wa historia, kila mmoja kwa macho ya fani yake. Wakimaliza wote ndipo unaruhusiwa kusema. Wanaita "kusomewa". Wapo waliotoka ukumbini wakilia. Mwaka jana mmoja alisomewa akagundua kwamba kwa miaka miwili alikuwa anapima jenereta ya jirani.

Maisha yangu ni ofisi na chumba. Ofisini tuko watu sita, kila mmoja na kompyuta yake na vipokea sauti vyake masikioni. Ijumaa wanaulizana wanakwenda wapi. Mimi wameshaacha kuniuliza, si kwa ubaya, ni kwa sababu nilikataa mara nyingi mwanzoni nikidhani wanauliza kwa adabu tu.

Nikwambie kitu lakini usinicheke. Kila asubuhi nikifungua kompyuta naanza na Nyumba ya Saba. Natafuta kilima kidogo kilichochongoka kama jino. Hilo ni birika lako la umeme. Nikiliona nasema Bibi ameamka, nami nawasha langu, tunakunywa chai. Sisi ndio watu wawili pekee wanaokunywa chai pamoja kwenye jengo hili.

Mumeo

11 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Sikukucheka. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Kumbe unaniona nikiamka. Vizuri. Ingekuwa enzi zangu ningekuunganisha moja kwa moja na birika.

Hapa kwangu ni wageni juu ya wageni. Jumapili iliyopita nilipika maharage, wali, na kuku mzima, kwa sababu walikuja watu wa kwaya, kisha akaja mshona nguo na wake zake wote wawili, wakakaa kiti kimoja huku na kimoja kule na mimi katikati kama mpaka wa nchi. Sikusikia walichokuwa wanasemezana, na nadhani ndiyo maana waliniweka hapo. Walikula wakamaliza mpaka ukoko. Kwa hiyo usijisumbue kuniuliza kama nakula.

Shangazi yako anakusalimu. Bado wako na mambo yao ya kuhama. Watoto wamekua.

Kuhusu hao wenzako wa Ijumaa: kuna kosa nililokuwa naliona kila siku kwenye ubao wa simu. Mtu anapiga, inaita, anakata kabla mwenzake hajafika, halafu anamwambia kila mtu kwamba fulani hapokei. Waambie wewe mwenyewe unakwenda. Wakishangaa, washangae.

Sasa niambie, nambari zangu zinaendaje? Nimejifunza mambo. Nimegundua taa ya sebuleni inawaka bure, maana sebule haina neno la kuniambia. Pasi nayo nimeipumzisha. Nguo nikizikunja vizuri na kuzilalia zinanyooka zenyewe. Maprofesa wako watafurahi. Fanya haraka umalize, urudi. Chumba chako nimekifagia.

Mkeo

20 Mei

Mke wangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sina wa kumgawia, kwa hiyo yote inakuja kwako.

Nyumba ya Saba imewapita wote. Mstari wako ulikuwa unapanda na kushuka kama wa wengine, lakini tangu Machi umekuwa ukiteremka polepole, na sasa umelala chini kama paka aliyeshiba. Profesa alisimama nyuma ya kiti changu, akautazama kwa muda mrefu, jambo asilolifanya, akauliza, "Hawa ni watu gani? Wamebadilisha nini?" Nikamwambia ni familia yenye nidhamu. Nikavimba kichwa. Tumekubaliana kwamba kati ya nyumba zote, grafu itakayowekwa ukutani mwezi wa tisa ni ya kwako.

Kuna kitu kimoja tu kimenichanganya, lakini ni kidogo. Ile Jumapili ya kuku na wali, nimeangalia, sikuona jiko. Nimeona birika asubuhi na taa moja jioni. Nikajiambia labda ulipikia nje kwa mkaa kwa ajili ya wingi wa watu. Itakuwa hivyo, sivyo? Halafu kuna ule mstari wa chini kabisa, ambao ni friji, ambao kwa kawaida haukatiki. Umekatika. Kama limeharibika niambie, fundi atakuja.

Niliwaambia wenzangu kwamba Ijumaa nakwenda nao. Walishangaa kama ulivyosema. Tulikaa mahali penye kelele, wakaongelea watu nisiowajua, nikacheka pale walipocheka. Nilirudi mapema. Lakini nilikwenda, hilo uliandike.

Bado miezi minne. Nahesabu kama mfungwa.

Mumeo

30 Juni

Mume wangu,

Marahaba.

Jiko ni mkaa, kama ulivyodhani. Mke mwenye akili hapikii mashine.

Friji nimelizima mwenyewe. Lilikuwa linanipigia kelele, silali.

Nimefurahi kwamba nimewapita wote. Nilijua. Hata kazini nilikuwa na medali, ingawa ilikuwa ya bati. Hilo goli sasa liko karibu, usipunguze mbio. Shangazi yako na wote hawajambo. Mshona nguo ameugua mgongo, yuko kwa dada yake, duka limefungwa.

Sina maneno mengi leo. Hewa ni nzito na mkono unauma kidogo. Wewe maliza uje, mengine tutaongea ana kwa ana, na utaongea kwa sauti ya juu.

Mkeo

14 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Leo sikuiti mke wangu, utani umenikauka.

Kongamano lilikwisha jana. Nikueleze lilivyokuwa, halafu nikuulize jambo moja, na naomba unijibu bila kuku na bila kwaya.

Ukumbi ulijaa. Grafu yako iliwekwa ukutani, pana kama shuka, nami nikaketishwa mbele, kwenye kiti cha mtu asiyeruhusiwa kusema. Akaanza mhandisi, mzee mmoja mkali. Akasema, "Nyumba hii imekomaa. Hakuna kinachopotea." Nikajisikia vizuri sana. Akafuata mchumi: "Bei ya umeme imempa adabu." Watu wakacheka. Kisha msanifu wa majengo akainuka, akasogea karibu na ukuta. "Nyumba ya watu wengi huwasha taa huku na kule. Mimi naona taa moja tu. Huyu amehamia kwenye chumba kimoja. Hii siyo familia."

Ndipo akasimama mama mmoja, daktari wa wazee. Hakwenda karibu. Alisema akiwa pale pale alipo. "Mbona hapiki?"

Hakuna aliyecheka.

"Anachemsha maji asubuhi, basi," akasema. "Ni mtu mzima, yuko peke yake, na amezima friji. Mtu anazima friji akiwa hana cha kuweka au hana hamu ya kula. Mimi nawaona kila wiki. Samahani, kuna mtu amekwenda kumwona?"

Wote wakanigeukia, maana zamu yangu ya kusema ilikuwa imefika. Bibi, nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: bibi yangu. Badala yake nikasema kanuni za utafiti haziniruhusu kuwataja wenye nyumba. Kanuni hiyo ipo kweli. Nikaketi. Wakanipigia makofi kwa uadilifu wangu.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje na nguo zangu za kongamano. Hapo ndipo friji lilinirudia akilini. Unasema linakupigia kelele hulali. Wewe, usiyesikia hodi ya fundi. Njia ya mwongo ni fupi, ulinifundisha mwenyewe, na mimi nimeipita yote nikitazama maua.

Jioni profesa aliniita. Alikuwa na furaha. Alisema grafu moja imewafanya watu wa fani sita wabishane mpaka chakula kikapoa, na kwamba kongamano liliundwa kwa ajili hiyo hasa. Wamenipa miaka mitatu mingine, nichunguze nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Nimewekewa mkataba mezani. Sijasaini. Ni kazi ambayo watu wanaitafuta maisha yao yote, siwezi kukudanganya, naitaka. Na nilikuahidi kurudi. Yote mawili ni kweli na hayakai chumba kimoja.

Sasa swali langu. Unakula nini, Bibi? Na nani yuko humo ndani na wewe?

Mjukuu wako

7 Oktoba

Bibi,

Naandika barua hii haraka, sijui kwa nini naiandika, pengine nitakufikia kabla yake. Mikono lazima ishike kitu.

Tangu Jumapili Nyumba ya Saba ni sifuri. Hakuna taa, hakuna birika. Siku ya kwanza nilisema umeme umekatika mtaani. Siku ya pili nilisema mtandao. Leo asubuhi nimekaa mbele ya kompyuta na birika langu halijawashwa, nikisubiri lako. Watu wa ofisini wamekuja, wameweka mikoba, na mimi bado nasubiri. Mmoja akaniuliza, "Vipi, kuna shida?" Nikamwambia bibi yangu hajaamka. Akavuta kiti akakaa kando yangu, tukatazama wote.

Nimempigia fundi, yuko mji mwingine kikazi. Nimempigia shangazi. Nikamwambia ingia chumbani kwa mama yako umwangalie. Akasema, "Sisi tulihama tangu Machi. Mama hakukwambia? Alisema amekwambia. Alisema unakuja mwezi wa tisa, ndiyo maana alikataa kuja nasi. Alisema ukifika ukakuta nyumba tupu utadhani tumekufa." Amempigia jirani mwingine, jirani amekwenda kugonga, hakujibiwa. Lakini kugonga kwako hakuna maana, hilo kila mtu analijua. Jirani hakujua kama aingie au aondoke, akaondoka. Shangazi anatafuta gari la kuja, lakini barabara yao imekatwa na mafuriko.

Nimekata tiketi ya ndege ya kesho. Nitabadilisha mara mbili, halafu basi. Mkataba uko mezani, profesa anajua, amesema atasubiri, au hatasubiri, sikumsikia vizuri.

Bibi, kama unaisoma barua hii na mimi nimekaa hapo kando yako, nicheke. Nakuomba sana nicheke.

Mjukuu wako

9 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba, ile ya barua iliyopita, nilichelewa kuijibu.

Siku kadhaa nimekuwa natafuta maneno. Nikipata moja, la pili linakimbia. Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu mtambo wako: haujaibiwa. Nimeuchomoa mwenyewe Jumapili, nimeufunga kwenye kitambaa, nitautuma na barua hii. Nilipouchomoa nikakata na swichi kubwa bahati mbaya, nikakaa gizani siku tatu nikidhani nimeharibu umeme wa mtaa mzima, mpaka jana mshona nguo aliporudi, mgongo wake umepona, akainua swichi kwa kidole kimoja na kunitazama kwa huruma. Kongamano limepita, nadhani hakuna anayenitazama tena huko. Na sikupenda, nikwambie ukweli. Ukumbi mzima umeniona kama sijajitanda.

Umeniuliza bila kuku na bila kwaya, nakujibu hivyo hivyo. Nilikuuliza maprofesa wanapenda nini, ukasema kidogo. Nikakupa kidogo. Nilidhani ni mtihani, na mtu akifaulu mtihani anarudi nyumbani. Nikala mkate, nikala ndizi, nikala vitu visivyotaka moto. Nikawa nafurahi, najiambia kila taa ninayoizima inamsogeza. Kumbe huko kwenu anayefaulu ndiye anayebakizwa. Tumefaulu wote wawili, mume wangu, na tumepata hiki tulichopata.

Mwanzoni ilikuwa kwa ajili yako. Baadaye, shangazi yako alipoondoka, sikuwa na hamu tena, mashine au bila mashine. Kupikia mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko kupikia arobaini. Huyo mama daktari ana macho, mpe salamu zangu. Nilikuwa mpweke, nalisema mara moja na sitalirudia.

Birika nilikataa kuliacha. Uliponiambia unalitazama, nikasema hata wakinifukuza kwenye mashindano yao, hilo silizimi. Kuna asubuhi nyingi sikuitaka hata chai. Nilichemsha maji nikayamwaga.

Sasa nisikilize. Usaini. Kazi unayoitaka nayo ikikutaka, watu wanapewa mara moja. Hukuvunja ahadi, nimekufungua mwenyewe, na mwenye kudai akisamehe shauri limekwisha. Usirudi kwa sababu ya mstari ukutani. Mimi nimeshawasha friji, mshona nguo ameniletea mayai na maziwa, leo nimepika, na nimekula nikashiba. Hilo huna mashine ya kulihakikisha, itabidi uniamini.

Omba kiti cha pili. Usiniulize cha nani.

Na ikitokea siku moja, hata ikiwa ni baada ya hiyo miaka yao mitatu, umepita njia hii, usisimame hapo nje ukagonga kama mgeni. Mlango mchana siufungi. Sukuma tu uingie, uje mbele yangu nikuone.

Mkeo